Zimekaa, Baba

Kila Kobe aliposimama, kila mtu aliijua kazi yake. Baba alizima injini na kuvuta breki ya mkono. Maswali, mwenye miaka saba na mdomo usiojua likizo, alifungua madirisha. Bibi alikagua kama kuna kikombe kilichovunjika njiani, na kiwepo kisiwepo, alimlaumu dereva. Upepo aliruka chini, akafungua sanduku la bati chini ya ngazi, akatoa kabari mbili za mbao zilizopakwa rangi nyekundu na kuzisukumiza mbele ya magurudumu ya nyuma. Kisha Baba, mguu ukiwa bado kwenye breki, aliita kwa sauti ya mnadi:

"Kabari!"

Naye Upepo alijibu, "Zimekaa!"

Hapo ndipo Baba alipoinua mguu. Hakushuka kuangalia hata siku moja. Neno la binti yake lilimtosha.

Kobe hakuwa mnyama. Alikuwa basi dogo kuukuu ambalo Baba, fundi wa kuchomelea, alilikuta limetelekezwa, majani yameota hadi kwenye viti. Jumapili baada ya Jumapili alilifanyia kazi uani. Aling'oa viti, akaweka vitanda, kabati za mbao, jiko la gesi na sinki yenye bomba lake. Majirani walimcheka. "Fundi, wewe utatembea na nyumba mgongoni kama kobe?" Baba akasema ndiyo, na jina likabaki hapo hapo.

Upepo alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina lake la utani alilipata kihalali. Alikula haraka, alivaa haraka, alisoma haraka mpaka akaruka mistari. "Huyu mtoto hata akilala anakimbia," Bibi alikuwa akisema. Lakini ndiye aliyemshikia Baba tochi na spana Jumapili zote zile, kwa hiyo alimjua Kobe ndani na nje. Alijua kabati ipi hukwama. Alijua kwamba maji ya sinki hupita kwenye bomba fupi la plastiki na kumwagikia chini, karibu kabisa na gurudumu la nyuma la kushoto, maana yeye ndiye aliyelishika bomba lile Baba alipokuwa akilifunga. Tena alijua kwamba breki ya mkono imechoka, inashika kwa kubembelezwa.

"Waya wake nitaubadilisha tukirudi," Baba alimwambia kabla ya safari. "Mpaka hapo, mwanangu, breki yetu ni wewe."

Upepo alivimba kichwa wiki nzima.

Siku ya tatu ya safari ndiyo waliyoisubiri. Mama, ambaye ni muuguzi, alikuwa amenyimwa likizo dakika ya mwisho na kubaki akiwapungia mkono getini, lakini aliwaagiza jambo moja: waendeshe baiskeli ufukweni kwa niaba yake, na wasirudi bila mchanga kwenye viatu. Walikuwa wamelala nyuma ya kituo cha mafuta. Asubuhi Baba alijaza tangi la maji, Bibi akaunguza sufuria ya maziwa kwa sababu ya maneno mengi, na Upepo akazifunga baiskeli nyuma ya Kobe huku akiimba. Wakaondoka.

Walipofika, mahali pa tambarare pa kuegesha palikuwa pamejaa. Kulibaki kipande cha ardhi juu ya mteremko, chenye vichaka pembeni, na chini kabisa ukuta mfupi wa mawe na bahari.

"Elekeza pua kwenye maji, mwanangu," Bibi alimwambia Baba. "Magoti yangu hayataki kutembea, lakini macho hayajalalamika. Niachie niione bahari nikiosha vyombo."

Baba alicheka, akamgeuza Kobe pua chini. Upepo aliruka, akafungua sanduku la bati.

Lilikuwa tupu.

Aliliinamisha, akalitikisa, kana kwamba kabari ni karanga zimejificha pembeni. Kisha akakumbuka. Asubuhi, kule kwenye kituo cha mafuta, alizitoa chini ya magurudumu, akaziweka kwenye nyasi ili akimbilie baiskeli. Akasema atazirudia. Zilikuwa bado kwenye nyasi zile, nyekundu, zinaota jua peke yake.

Juzi tu alikuwa amesahau moja, wakalazimika kurudi kuifuata, na Baba alimwambia bila kufoka, "Ukisahau tena, siku hiyo baiskeli hazishuki." Na Baba akisema amesema.

"Kabari!" Baba aliita.

"Bado kidogo!"

Upepo aliangaza macho huku na huku. Mawe hakuyaona. Lakini kando ya barabara kulikuwa na ukingo uliomeguka, na chini yake mabonge makubwa ya udongo yaliyokaushwa na jua. Alilipiga moja teke, kidole kikamuuma. Gumu! Alibeba mabonge mawili, akayasukumiza mbele ya magurudumu, moja kushoto, moja kulia. Yalikaa vizuri. Ukitazama kwa mbali ungesema ni mawe.

"Kabari!"

"Zimekaa!" akajibu.

Baba aliinua mguu. Kobe alijisogeza kidogo, akaegemea, akatulia. Upepo akashusha pumzi. Ah, uongo wa kwanza huteleza kama ute wa bamia! Hakuna aliyemuuliza, hakuna aliyemshuku. Akajiambia ni kwa saa chache tu, jioni atatafuta mawe ya kweli, na nani ameumia?

"Nendeni na Mungu," Bibi alisema akiwa dirishani. "Mimi hii sufuria ya maziwa naiacha iloweke. Nitasikiliza redio yangu, kisha nitaiosha mpaka ijute."

"Mama, maji kidogo kidogo," Baba alisema. "Tangi si mto."

"Kidogo kidogo itang'arisha nini? Nenda zako."

Wakaondoka, Baba mbele, Maswali katikati kwenye baiskeli yake ndogo, Upepo nyuma. Njia ilizunguka kilima cha mawe kilichoingia baharini, upepo ukawapiga usoni, na Maswali akauliza kwa nini bahari haijai, kwa nini samaki hawalowani, na kama baiskeli inachoka. Baba alijibu yote, na pale aliposhindwa alipiga kengele. Upepo hakuwahi kumsikia baba yake akicheka hivyo. Nyumbani alikuwa mtu wa cheche na moshi, anarudi jioni macho mekundu, anakula na kulala. Leo alikuwa ameachia mikono usukani wa baiskeli kama kijana.

Ng'ambo ya kilima palikuwa na ufuko mpana, mweupe, karibu mtupu. Waliogelea mpaka vidole vikajikunja ngozi. Baba akajilaza kivulini, kofia usoni, simu ndani ya kiatu ili isiingie mchanga. Maswali akaanza kujenga.

"Dada, njoo uone ngome yangu! Nimeizungushia mawe."

Kweli alikuwa ameokota vibonge kwenye ukingo wa njia na kuvipanga. Kisha akachota maji kwa kopo na kuyamwaga juu, apate mto wa kuizunguka ngome. Vibonge vilivuta maji, vikavimba, vikaanza kumeguka na kulainika kama sukari kwenye chai. Ukuta ukalala.

"He! Dada, kwa nini mawe yangu yanayeyuka?"

"Hayo si mawe, wewe nawe," Upepo alisema kwa dharau. "Ni udongo. Udongo ukimwagiwa maji..."

Hakumaliza. Maneno yake mwenyewe yalimrudia kama kofi. Udongo ukimwagiwa maji. Bomba fupi la plastiki. Gurudumu la nyuma la kushoto. Sufuria ya maziwa, tangi lililojaa, na Bibi anayeosha vyombo kama anayeosha meli. Na chini ya mteremko ukuta wa mawe, kisha bahari.

Aliangalia kopo mkononi mwa mdogo wake kana kwamba ni nyoka.

Aliinuka akamwendea Baba. Alikuwa ameamua kusema, tena kabisa. Lakini Baba alisikia miguu, akainua kofia kidogo, akatabasamu kwa jicho moja.

"Unajua nini, Upepo? Sijalala mchana tangu sijui lini. Namwachaje bibi yako peke yake kwenye gari lile bovu? Lakini nikasema, binti yangu ameshaweka kabari. Basi nikalala kama mtoto."

Lau angefoka! Lau angenuna! Lakini mtu akikuamini hivyo, utamwambiaje?

"Baba, nimesahau... nimesahau kofia yangu. Naomba nirudi nikaichukue."

"Jua limekuchoma? Nenda. Pole pole, lakini. Msalimie Bibi."

Huo ulikuwa uongo wa pili, na uliteleza kuliko wa kwanza.

Alipanda baiskeli akakanyaga kwa nguvu zote. Alikuwa na mpango: atafika, atabeba mawe ya ukuta, atayaweka, na hakuna atakayejua. Bibi atakuwa bado kwenye redio. Lazima awe bado kwenye redio! Ewe Mungu, mwimbishe huyo mtu wa redio nyimbo mia, mfanye aseme matangazo mpaka kesho. Njia ile iliyokuwa tamu wakati wa kuja sasa ilikuwa imegeuka mlima. Mchanga ulishika magurudumu. Jasho liliingia machoni. Kila alipofumba macho alimwona Bibi akifungua bomba.

Kwenye kona ya kilima akabadilisha gia kwa pupa. Baiskeli ikalia kra! na pedali zikazunguka bure. Mnyororo ulikuwa umechomoka na kujibana kati ya gia na fremu.

Upepo aliruka chini, akauvuta. Hautoki. Akauvuta tena, ukamkata kidole, grisi ikachanganyika na damu. Akaupiga kwa jiwe. Ukazidi kujibana. Akaipindua baiskeli, akaipindua tena, akaipiga teke, akaitukana, kisha akaishikilia na kuililia kama maiti. Mbele njia ilikuwa ndefu. Nyuma Baba alikuwa amelala, na simu yake ndani ya kiatu. Simu! Neno moja tu kwa Baba kule ufukweni, simu moja tu kwa Bibi, na Bibi angekuwa nje kabla baiskeli haijagusa njia. Alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwenye ile simu, akaomba ruhusa ya kufuata kofia.

"Nimemuua Bibi," alisema kwa sauti. Hakukuwa na mtu wa kumkatalia.

Aliiacha baiskeli akakimbia. Alikimbia mpaka kifua kikawaka, akaanguka, akachubuka magoti yote mawili, akaamka. Ndipo alipomwona mama mmoja mwenye ufagio mrefu, mfagizi wa njia ile, akiondoa mchanga uliopeperushwa na upepo.

"Mama! Mama, naomba simu! Shikamoo, naomba simu, tafadhali!"

"Marahaba. We mtoto, umegongwa? Mbona una damu?"

"Si mimi! Ni Bibi! Naomba simu!"

Yule mama hakuuliza tena. Alitoa simu kifuani. "Chaji iko ukingoni. Sema haraka."

Namba ya Bibi hakuijua kichwani. Namba ya Baba aliijua vizuri, maana aliichora mwenyewe kwa brashi ubavuni mwa Kobe: *Fundi wa kuchomelea, piga simu.* Akabonyeza. Ikaita. Ikaita. Na hata pale, jamani, hata pale, simu ikiwa sikioni na bibi yake kwenye hatari, akili yake ilikuwa bado inatafuta kichochoro. Aseme gari limesukumwa? Aseme ameona kabari zimeibwa? Uongo wa tatu ulikuwa tayari mdomoni, umeshavaa viatu.

"Haloo?" Sauti ya Baba ilikuwa na usingizi.

"Baba," Upepo alisema, na kitu kikapasuka ndani yake. "Baba, kabari hazipo. Nilizisahau kule kwenye kituo cha mafuta. Nimeweka udongo. Bibi akiosha vyombo maji yataulowesha. Nilikudanganya, Baba. Sikufuata kofia. Mwambie Bibi atoke!"

Upepo alimsikia baba yake akiinuka ghafla.

"Kata simu," Baba alisema.

Alipoirudisha kwa mwenyewe, kioo kilikuwa kimeshakuwa cheusi.

"Imekufa," yule mama alisema taratibu. "Amepatikana lakini?"

"Sijui," Upepo alijibu. "Sijui!" Na akakimbia tena.

Sehemu iliyobaki hakuikumbuka vizuri baadaye. Alikumbuka tu kwamba alikuwa akisema neno moja kila alipokanyaga: toka, toka, toka. Alipotokeza juu ya mteremko, aliinua macho mahali walipomwacha Kobe.

Kobe hakuwepo.

Palikuwa na bonge moja lililosagika unga. Pembeni yake, upande wa kushoto, palikuwa na tope, laini, lenye povu la sabuni. Kutoka hapo mistari miwili ya magurudumu ilishuka moja kwa moja, ikapita juu ya vichaka na kuvilaza. Chini, kwenye ukuta wa mawe, Kobe alikuwa amesimama upande upande, pua imebonyea, mvuke unatoka, kioo kimetapakaa kama chumvi.

"Bibi!"

Aliteremka kwa makalio na kwa mikono. Mlango ulikuwa umepinda, umefunguka. Aliingia. Sakafu ilikuwa imeinama, na kila kitu kilikuwa kimekimbilia mbele: mito, magodoro, vikombe, redio iliyokuwa bado inaimba chini ya blanketi. Kabati kubwa, ile ambayo Baba aliilainisha kwa msasa Jumapili nyingi mpaka ikawa kama shavu la mtoto, ilikuwa imeng'oka ukutani na kulala kifudifudi. Maji yalikuwa bado yanatiririka kwenye sinki. Chini ya kabati ilichomoza kandambili moja ya Bibi.

Upepo aliishika kabati ile akaivuta. Haikutikisika. Akavuta tena huku akipiga kelele ambazo hazikuwa maneno. Kucha zikavunjika. "Bibi, vumilia! Bibi, nimekuja! Bibi, nisamehe, ni mimi, ni mimi!"

"Ni nani huyo anaingia kwenye nyumba za watu bila hodi?"

Sauti ilitoka nje, tena kwa juu. Upepo alichungulia dirishani. Kule kwenye vichaka, karibu na pale palipokuwa na Kobe, ambapo Upepo alikuwa amepita kama kipofu bila kumwona, Bibi alikuwa ameketi chini, mguu mmoja una kandambili, mwingine mtupu. Mapajani alikuwa amekumbatia sufuria ya maziwa. Mikono yake ilikuwa na povu hadi kwenye viwiko.

Upepo alipanda mteremko kwa kutambaa, akajitupa juu yake, sufuria na yote. Walilia pamoja. Bibi alinukia sabuni na maziwa yaliyoungua, na hakuna harufu nzuri kuliko hiyo duniani.

"Simu iliita," Bibi alisema alipopata pumzi. "Nikasema aa, mikono ina sabuni, atapiga baadaye. Ikaita tena. Nikaipokea kwa kiwiko. Baba yako, tangu nimzae, hajawahi kunifokea. Leo kanifokea! 'Mama, toka nje ya gari sasa hivi, usiulize!' Nikasema huyu ana wazimu. Lakini nikatoka, na sufuria yangu. Mguu huu ulikuwa chini, huu bado ngazini, na gari likasema krrr, likaenda. Likanivua kandambili."

Aliinua mguu mtupu na kuutazama, kana kwamba anaukaribisha nyumbani.

Baba alifika na Maswali amempakia mbele, baiskeli ndogo wameitelekeza huko huko. Hakumtazama Kobe. Alipiga magoti mbele ya mama yake, akamshika miguu, magoti, mikono, kichwa, akihesabu viungo kama fundi anayekagua mashine. Alipoona vyote vipo, alikaa chini na kufunika uso. Maswali, kwa mara ya kwanza maishani, hakuuliza kitu.

"Baba," Upepo alisema. "Nichape."

Baba aliteremsha mikono. Macho yake yalikuwa mekundu kama siku za kazi. Alimtazama Kobe kule chini, kila kipande cha bati alichokunja, kila mshono aliochomelea. Upepo aliyafuata macho yale, na ilimuuma kuliko fimbo.

"Kwa nini hukuniambia?" Baba aliuliza. "Kabari kusahaulika ni jambo la kawaida. Ningetafuta mawe, tungechelewa kidogo, basi."

"Niliogopa baiskeli hazitashuka."

"Na kule ufukweni?"

"Kule niliogopa kwa sababu uliniamini."

Baba alimgeukia tena Kobe. Kisha akasema, "Na mimi nina langu. Breki niliijua ni mbovu. Nikasema tukirudi, tukirudi. Nikamwekea mtoto mzigo wa chuma nilichoshindwa kukitengeneza mimi."

"Afadhali umesema mwenyewe," Bibi alidakia, "maana mimi nilikuwa nakusubiri. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Tena leo umeubomoa na wa watu." Kisha akamgeukia Upepo, akamfuta uso kwa mkono wenye povu, akazidi kumchafua. "Na wewe, mjukuu wangu, nisikilize. Wewe unadhani Kobe alikuwa ameshikwa na mbao mbili? Hapana. Alikuwa ameshikwa na neno lako. Baba yako aliinua mguu kwa sababu ulisema zimekaa. Mimi nilifungua maji kwa sababu ulisema zimekaa. Neno lilipokuwa la udongo, sote tulikuwa juu ya udongo. Njia ya mwongo ni fupi, na leo kidogo iishie baharini. Lakini neno lililonitoa humo ndani nalo lilikuwa lako. Ulikimbia na baiskeli, ukakimbia na miguu, hukuniwahi. Kilichoniwahi ni ukweli. Ungeutuma mapema, ungekuta hata kandambili yangu ipo mguuni."

Upepo alishika mkono wa Bibi na hakuuachia.

Safari haikuendelea siku ile, wala siku iliyofuata. Gari la kuvuta lilimtoa Kobe ukutani. Kwenye gereji iliyokuwa jirani, Baba alipewa nafasi na mashine ya kuchomelea, naye akaanza na kitu kimoja kabla ya pua, kabla ya mlango, kabla ya kioo: waya wa breki ya mkono. Ukuta wa mawe aliurudishia mwenyewe, Upepo akimbebea mawe kutwa nzima hadi mabega yakawaka. Yule mfagizi alipata kusikia, akaja na baiskeli ya Upepo begani. Aliposikia Bibi yu hai, aliupiga ufagio wake chini kwa furaha, akasema sasa ataweza kulala.

Kabati kubwa haikutengenezeka. Baba alichukua ubao wa mlango wake, akaukata, akampa Upepo msasa. Upepo alilainisha taratibu, taratibu kabisa, mpaka Bibi akamuuliza kama ni mgonjwa. Zikatoka kabari mbili mpya.

Jioni waliyoanza safari ya kurudi nyumbani, walisimama mahali penye mwinuko mdogo. Maswali alifungua madirisha. Bibi akakagua vikombe, akamlaumu dereva. Upepo alishuka, hakuruka. Alifungua sanduku.

"Kabari!" Baba aliita, mguu kwenye breki.

Hakukuwa na jibu.

"Kabari?"

"Subiri, Baba," Upepo alisema kutoka chini ya gari. "Ya kushoto haijakaa. Kuna kijiwe chini yake."

Walisubiri. Maswali alitaka kuuliza kitu, Bibi akamfinya. Upepo alikitoa kile kijiwe, akaisukuma kabari, akaigonga kwa kiganja, akaitikisa. Akaenda upande wa pili, akafanya vivyo hivyo. Kisha akasimama mahali ambapo Baba angeweza kumwona kwenye kioo cha pembeni.

"Zimekaa, Baba."

Baba alimtazama kwenye kioo. Breki mpya ya mkono alikuwa ameshaivuta, lakini mguu wake ulibaki pale pale kwa kitambo, na Upepo hakumlaumu. Angengoja mpaka usiku. Kisha mguu ukainuka, Kobe akaegemea, akatulia.

Dirisha la jikoni likafunguka.

"Zimekaa kweli?" Bibi aliuliza.

"Kweli, Bibi."

"Haya basi. Mimi naosha vyombo."

Bomba likafunguliwa lote, kwa fujo, kama kawaida yake. Maji yakashuka kwenye lile bomba fupi la plastiki, yakamwagika juu ya kabari ya kushoto, yakatiririka kwenda zake. Upepo alichuchumaa kando ya gurudumu akiiangalia ile kabari, mpaka sufuria ya mwisho ilipooshwa.